Nusu ya Jina

Ofisi ya Dada ilijengwa kuwa stoo ya mashuka. Rafu za mbao zilibaki ukutani, seva ikawekwa pale yalipokaa mablanketi, na harufu ya sabuni ya dawa haikutoka hata tulipopaka rangi upya. Hospitali nzima ilimwita Dada, wakiwemo madaktari wenye umri wa kumzaa. Ukimuuliza mlinzi wa geti mtaalamu wa mifumo ya kompyuta yuko wapi, anakutazama tu. Ukimuuliza Dada yuko wapi, anakuonyesha mlango kwa kidevu.

Niliingia chumba kile nilipotoka chuoni, nikapewa meza inayotazama mgongo wake. Alikuwa mfupi, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, na alikuwa na tabia ya kunong'ona anapoandika msimbo wa kompyuta, kama mtu anayemsomea mgonjwa barua. Alitafuna karanga akifikiri. Karanga zikiisha kabla tatizo halijaisha, ulijua siku hiyo usimsemeshe.

Kitu alichojivunia ni foleni ya macho. Upasuaji wa macho pale ulifanywa na daktari bingwa aliyekuja kwa msimu, nafasi zikiwa chache na wanaozihitaji wengi. Zamani nafasi ilikwenda kwa mwenye mjomba ndani. Dada akaandika kurasa chache za mtandao: mgonjwa anasajiliwa mapokezi, jina linaingia kwenye hifadhidata, daftari la mashine, na bingwa akikaribia kuja, mfumo wenyewe unawaita watu kwa ujumbe wa simu kwa kufuata nani alitangulia. Hakuna mkono wa mtu unaogusa mpangilio.

"Mashine haina mjomba," alipenda kusema, na watu walicheka kwa sababu ilikuwa kweli. Mimi niliomba kazi pale kwa ajili ya foleni ile. Nilikuwa nimechoka kuona haki ikigawiwa kama lifti, kwa unayemfahamu tu.

Aliyeiamini sentensi hiyo kuliko wote alikuwa shangazi yake. Ndiye aliyemlea Dada tangu hajaota meno ya pili, akamsomesha kwa kushona mapazia ya watu, na sasa alikuwa anaishi naye. Ujanani walimpa jina la Mng'aro kwa sababu hakuwahi kutoka nyumbani bila kujipaka mafuta mpaka shingoni, na utani huo ukaishia kwenye kitambulisho. Alikuwa na presha ya macho. Ugonjwa huo hauji na maumivu. Unakula pembeni, kidogo kidogo, mpaka mtu anabaki kuchungulia dunia kama kwenye tundu la ufunguo. Daktari wa pale alikuwa ameshamweleza bila kumficha: ukichukua haurudishi, upasuaji unaokoa kilichobaki tu. Kwa hiyo kila msimu uliopita bila kuitwa ulikuwa unaondoka na kipande chake.

Alikuwa amesajiliwa. Alikwenda mapokezi mwenyewe, akaandikwa, akaambiwa asubiri. Tangu hapo simu yake haikutoka mapajani. Nilipokwenda kwao kula siku za mapumziko, nilimkuta sebuleni, kwenye kiti kilicho karibu na dirisha, mkono juu ya simu kama mtu anayemlaza mtoto.

"Mashine yako imefika wapi?" alikuwa akimuuliza Dada.

"Zamu yako ipo, shangazi. Subiri. Haina mjomba."

"Basi ingekuwa na shangazi angalau."

Tulicheka, na Dada alicheka pia, lakini hakuwahi kufungua mfumo atazame shangazi yake yuko wa ngapi. Nilimuuliza mara moja kwa nini. Akasema mtu akianza kwa kutazama, kesho atasogeza. Alikuwa amewaona wengi walioanza kwa kutazama tu. Nilimheshimu sana kwa jibu lile, na sasa nikilikumbuka nasikia baridi.

Nieleze sasa habari ya konokono, kwa sababu kila kitu kilijificha chini yake.

Miaka ya mwanzo ya mfumo, kosa lolote likitokea, maneno mekundu yalijitokeza katikati ya skrini: jambo fulani limeshindikana, kwenye mstari fulani. Ndivyo ilivyo kwa kila fundi wa kurasa za mtandao. Yakionekana, unajua pa kuanzia. Siku moja walikuja wageni wakubwa kukagua hospitali, na skrini ya mapokezi ikatapika maneno mekundu mbele yao. Katibu wa hospitali, mtu wa suti na manukato, alimwita Dada wageni walipoondoka na kumwambia kwamba hataki kuuona uchafu ule tena. Hakusema arekebishe kinachosababisha. Alisema asiuone.

Katika lugha tunayoandikia kurasa zile kuna alama moja, ile herufi a iliyojikunja ndani ya duara kwenye anwani za barua pepe. Ukiiweka mbele ya amri, amri hiyo ikishindwa hainung'uniki. Inakufa kimya na ukurasa unaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Sisi tuliiita konokono. Dada alikaa siku ile akaweka konokono mbele ya kila amri inayoongea na hifadhidata. Wageni wakaja tena, skrini ikawa safi kama sahani ya harusi, na Katibu akampongeza mbele ya watu.

Ofisi ngapi zimejengwa hivyo? Nimekuwa nikijiuliza. Ni milango mingapi ina konokono mbele yake, na ndani kitu kinashindwa kila siku, na nje tunasoma: karibu, tunakuhudumia?

Dada alikusudia kuwaondoa konokono baadaye. Baadaye ikawa miaka.

Wakati huo mapokezi alikaa kijana mmoja mvivu aliyeandika majina kwa haraka, bila mkato, bila nukta, ng'ombe akiwa ngombe. Alipohamishwa, nafasi yake ikachukuliwa na Mwalimu. Alikuwa mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka kwenye kola, na alikuja na hasira ya miaka mingi juu ya watu wanaoandika lugha ovyo. Ile alama ndogo inayokaa juu, kati ya ng na herufi inayofuata, aliiita kwa jina lake la darasani, ritifaa, na hakuvumilia ikosekane.

"Ng'ombe bila ritifaa ni mnyama gani huyo?" aliwauliza wagonjwa, nao walicheka. Mtu akija na kadi ya zamani iliyoandikwa vibaya, Mwalimu alilifuta jina lile na kumwandika upya hapo hapo, kwa upole, kama mtu anayemfunga mwenzake kifungo cha shati. Watu walimpenda. Walisema huyu anatuandika kama tulivyo.

Baada ya muda yakaanza maneno. Mfagiaji wa wodi alisema mashine ya macho imeingiliwa na mashetani, inawachagua watu. Kuna familia moja upande wa bondeni, akasema, mashine haiwataki kabisa. Baba, mwana, wote wamesajiliwa na hakuna aliyeitwa. Mlinzi naye alikuwa na lake: bibi mmoja aliyekuja mara kwa mara kuuliza, akikaa kwenye benchi la mwisho mpaka ukumbi unafungwa, kisha akaacha kuja. Dada aliyasikia yote na kuyachukulia kama utani wa korido. Nilimwambia mashetani wake wana nidhamu, wanafanya kazi saa za ofisi tu. Akanitupia ganda la karanga.

Lakini alianza kukaa na kuitazama skrini bila kuandika kitu. Siku moja akaniambia, bila kugeuka, kwamba akipita ukumbini anahisi wapo watu wengi kuliko anaowaona.

Ikafika siku ambayo shangazi alimwaga chai mezani akidhani anamimina kwenye kikombe. Shangazi alipapasa meza, akagusa umajimaji, akasema taratibu kwamba upande wa kushoto umefungwa. Dada alifuta meza. Asubuhi yake alifika kazini kabla yangu, na saa ya chakula cha mchana, wengine wote wakiwa wametoka, akavunja kanuni yake. Aliandika jina la shangazi kwenye ukurasa wa kutafutia wagonjwa.

Ukurasa ukaja mweupe. Hapakuwa na "hayupo", wala "yupo". Weupe tu.

Akaandika tena, akiangalia kila herufi. Weupe. Akaandika jina lake mwenyewe, majibu yakaja. Akaandika langu, yakaja. Mng'aro: weupe, kama ukuta uliopakwa chokaa. Nilivuta kiti nikakaa pembeni yake. Kule kunong'ona kwake kulikuwa kumekatika.

Akafungua msimbo wa ukurasa ule. Akaenda kwenye mstari unaoiuliza hifadhidata, akamfuta konokono, akahifadhi, akaandika jina tena.

Maneno mekundu yakatokea, yale yale ambayo Katibu hakutaka kuyaona. Hifadhidata ilikuwa inalalamika kwamba haielewi sentensi iliyopewa, kuna kosa karibu na "aro".

"Aro," Dada alisoma. "Aro ni nani?"

Nilipata maana kabla yake kwa sekunde tu, na nilitamani nisingeipata.

Hifadhidata unazungumza nayo kwa sentensi. Unaiambia: pokea mgonjwa huyu, jina lake ni hili. Ili ijue jina linaanzia wapi na linaishia wapi, unalifunga kwa vialama viwili vidogo, kimoja mwanzo, kimoja mwisho. Kialama hicho na ritifaa ni kitu kimoja. Sasa andika Mng'aro. Hifadhidata inafungua jina, inasoma Mng, inakutana na kialama, inaamua jina limekwisha. Kisha inakuta "aro" limesimama nje peke yake, si jina, si amri. Inaikataa sentensi nzima na kulalamika. Lakini malalamiko tulikuwa tumeyaziba mdomo. Na ukurasa wa usajili, ambao haukuwahi kufundishwa kuuliza kama jina limefika, uliendelea kuandika kwa herufi za kijani: Asante. Umesajiliwa. Subiri kuitwa.

Walioitunga lugha ile hawakuwa na ng' mdomoni, nawasamehe. Sisi tunayo tangu tunanyonya. Tunang'oa, tunang'ang'ania, tunang'aa, na bado tukaandika mfumo wa kuwaita watu wetu kana kwamba hakuna mmoja wao mwenye jina kama hilo. Kijana mvivu, kwa uvivu wake, alikuwa akiwapitisha. Mwalimu, kwa kuwaandika kama walivyo, alikuwa akiwafuta.

Dada aliondoa konokono wote mchana ule. Kila aliyeondolewa, tukajaribu jina, na maneno mekundu yakatokea na kipande cha jina kimening'inia: nusu za watu, mkia bila kichwa.

Mwalimu alisikiliza maelezo akiwa amesimama nyuma ya kaunta, kalamu mkononi. Dada alimweleza polepole, akijilaumu mwenyewe, si mzee. Mwalimu hakubisha. Aliuliza swali moja, kama ni ritifaa peke yake. Dada akasema ndiyo.

"Niliwarekebishia," alisema Mwalimu. "Mwingine alikuja ameandikwa vizuri na yule kijana... vibaya, nasema. Alikuwa anasomeka. Nikamrekebishia."

Akaketi. Aliulizwa kama anawakumbuka, akasema anazikumbuka ng' zao, nyuso hapana.

Kurekebisha kwenyewe hakukuchukua muda. Badala ya kulifunga jina ndani ya sentensi, unaandika sentensi yenye pengo, unaipeleka kwanza, kisha unaleta jina peke yake na kuliweka kwenye pengo. Hifadhidata hailichunguzi tena. Inalipokea kama lilivyo, na ritifaa yake. Dada alijua njia hiyo siku nyingi. Alikusudia kuibadilisha baadaye, pamoja na konokono.

Katibu alifurahi kusikia tatizo limekwisha na akataka lisitangazwe. Dada akamwambia halijaisha, kuna watu walioambiwa wasubiri na hawamo popote. Katibu akamwagiza atoe orodha yao. Dada akamjibu kwamba hakuna swali unaloweza kuiuliza hifadhidata ikakuletea wale ambao haikuwahi kuwapokea. Ukiiuliza, itakwambia hawajawahi kuwepo.

"Kama hawamo," alisema Katibu akifunga faili lililokuwa mbele yake, "basi hatuna malalamiko."

Nilikuwepo. Niliielewa hospitali ile kwa mara ya kwanza. Konokono hakuanzia kwenye msimbo.

Lilibaki la shangazi. Bingwa alikuwa anakuja wiki iliyofuata na watu walikuwa wameshaitwa, nafasi zote zimejaa. Dada alijua shangazi alisajiliwa lini, walirudi nyumbani pamoja siku ile. Alijua kwamba kwa haki angeitwa msimu uliopita. Kumrudisha mahali pake kulimaanisha kumtoa mtu wa mwisho aliyekwisha kufunga begi. Na wengine waliopotea hawakuwa na mtu aliyejua tarehe yao. Alifika nyumbani, akakaa kwenye zulia mbele ya kiti cha dirishani, akamweleza shangazi yote, hata konokono, hata pongezi za Katibu. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikitamani kuondoka.

Shangazi alisikiliza, mkono juu ya simu.

"Kwa hiyo nilikuwa nangoja gari lisilokuwepo," alisema.

"Ndiyo, shangazi."

"Na wewe unalala chumba cha pili."

Dada alivua miwani yake.

"Weka jina langu. Mambo ya haki utanieleza nikiwa naona."

Dada akaliweka. Kisha akampigia simu mwenyewe mtu wa mwisho, dereva wa lori aliyekuwa anaogopa kunyang'anywa leseni, akamweleza kwamba atasogezwa msimu ujao. Alikuwa ameweka sauti ya nje, nikasikia. Dereva aliuliza kwa utulivu kama aliyempita ana mjomba ndani.

"Hapana," Dada alisema. "Ni shangazi yangu mimi."

Simu ikakatwa. Angeweza kumwambia mengine yote, ritifaa na konokono na tarehe. Alisema lililokuwa kweli na zito zaidi dhidi yake.

Upasuaji ulifanyika. Jicho la kulia liliokolewa, pamoja na tundu lake la ufunguo. La kushoto lilikuwa limekwisha. Bingwa alisema angeweza kuliokoa msimu uliopita, na alilisema kama jambo la kawaida, kwa sababu kwake lilikuwa la kawaida. Tulipoingia wodini Dada alikaa ukingoni mwa kitanda akaushika mkono wa shangazi. Shangazi aligeuza uso, akatafuta, hakumpata.

"Hamia upande huu," alisema. "Ukikaa huko hupo."

Dada akahamia.

Tangu siku ile skrini ya mapokezi hutokwa na maneno mekundu kila kosa likitokea, mbele ya wageni na mbele ya Katibu, na Dada amegoma kuyaficha. Ameandikiwa barua za onyo na anaziweka chini ya bakuli la karanga. Kila siku ya kliniki hutoka chumbani, akasimama ukumbini katikati ya mabenchi na kuuliza kwa sauti kama kuna mwenye ng' katika jina lake, au nyumbani kwake, au jirani yake, aliyewahi kuandikwa akaambiwa asubiri. Wapya hudhani ni mgonjwa wa kichwa. Baadhi huinua mikono. Mwalimu huwaandika, akisoma kila herufi kwa sauti, kisha anageuza skrini wajione wenyewe wamo. Haamini tena herufi za kijani.

Juzi alikuja mwanamke mmoja kuchukua dawa za mtoto. Aliposikia swali akainua mkono nusu, kama mwenye shaka. Alisema baba yake aliandikwa pale, kitambo sana. Mwalimu akamuuliza jina, akalitaja, na lilikuwa na ng' mbili. Mwalimu akaandika. Jina likaingia. Dada akainama, akamuuliza kama mzee anaweza kuletwa msimu huu, gari la hospitali litamfuata.

Mwanamke akamtazama kama anayejaribu kumsaidia.

"Ya nini tena, Dada? Ameshazoea giza. Tulitaka kuja kuuliza, akatukataza. Alisema tusiwasumbue, mtamwita wenyewe."